Nguzo ya Kumi na Sita

Fundi Uzi alikuwa na tabia ya kuweka kikombe cha chai juu ya mashine, ingawa alikwisha kuonywa kwa maandishi. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, kati ya mita za umeme na stoo ya mafagio, na mashine ndiyo iliyokuwa meza pekee. Jumatatu moja, saa mbili na dakika kumi asubuhi, alikuwa akipuliza chai ipoe wakati nguzo ya kumi na sita ilipopiga chafya.

Kazi yake si ngumu kueleza. Wapangaji walilalamikia nyufa, na wenye jengo, badala ya kuziba nyufa, wakaleta nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, wakazigandisha kwenye nguzo zote hadi ghorofa ya nane. Mwanga unaingia kwenye uzi na kurudi. Zege likijinyoosha au kujikunja hata kidogo, mwanga unarudi umebadilika, na mashine inachora mlima. Lori likipita barabarani, kilima. Mama wa ghorofa ya tano akihamisha kabati, kama afanyavyo kila akigombana na mumewe, mlima wa haja.

Mchoro wa Jumatatu ulikuwa wa aina nyingine. Milima mitatu mikali ikifuatana, kisha kimya cha kumfanya mtu adhani yamekwisha, kisha kilima kidogo cha nne, cha aibu. Katika maisha yake Fundi Uzi alimjua mtu mmoja tu aliyepiga chafya hivyo, naye alikuwa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa zege. Miaka tisa nyuma alitoka nyumbani asubuhi kuja kwenye jengo hilihili, wakati huo likiwa ghorofa tatu na msitu wa mbao, na hakurudi. Katika daftari la wafanyakazi kampuni ya wenye jengo iliandika neno moja: mtoro. Neno likatoka daftarini likaingia mtaani. Watu wakasema ana mwanamke mwingine. Mama mkwe akasema mwanawe asingekimbia nyumba yenye raha, na tangu siku hiyo akawa anamwita mkwe wake "huyo". Fundi Uzi hakukaa msiba, maana mtoro haombolezwi. Hasira ilimwishia mwaka wa pili. Hamu haikumwisha, alimtamani mumewe kila siku, na siku nyingine alitamani arudi hata kwa ugomvi tu.

Alipanda hadi ghorofa ya tatu. Nguzo ilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na bomba la maji. Aliigusa kwa kiganja, akaikuta na joto, na ndani yake mapigo ya taratibu. Mpangaji mmoja aliyekuwa akikinga maji alimwambia kwamba hiyo ndiyo nguzo wanayoanikia nepi wakati wa mvua, zinakauka upesi.

"Ni mume wangu," alisema Fundi Uzi.

"Tulikuwa tunajiuliza ni nani," alisema mpangaji, akafunga bomba.

Ripoti aliiandika kwa utaratibu wa kawaida. Meneja wa jengo aliisoma mara mbili, kalamu mkononi.

"Chafya yenyewe ina ukubwa gani?"

"Haifiki robo ya kiwango cha hatari."

"Basi nguzo ni nzima. Hongera."

"Bosi, nataka atolewe nimzike."

Meneja alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba nguzo hiyo imebeba familia arobaini, na kuikata ni kuwaangushia jengo. Fundi Uzi alilijua hilo kuliko yeye. Usiku kucha alikuwa amepiga mahesabu, na kila alipoiondoa nguzo, jengo lilianguka.

"Basi lifutwe neno. Iandikwe alifia kazini."

"Hapo ndipo penye kazi, dada. Nikiandika hivyo, wataniuliza alikuwa akifanya nini ndani ya mbao za nguzo wakati zege linamiminwa, na ni nani aliyemwona akasema pampu isizimwe." Aliutazama mlango. "Na aliyesema hivyo ndiye anayesaini mikataba yetu, wa kwangu na wa kwako." Akafikiri kidogo, maana alitaka kusaidia. "Tunaweza kuandika: mtoro, yupo."

Fundi Uzi alikataa.

"Haya. Ila urudishe sifuri. Huo moyo unanijazia ripoti."

Kila uzi una sifuri yake, yaani hali inayohesabiwa kuwa ya kawaida, na sifuri huwekwa na mtu. Fundi Uzi alibonyeza kitufe. Mapigo sabini na mawili kwa dakika yakawa kawaida ya nguzo, mchoro ukalala. Alikwenda kwenye stoo ya mafagio, akalia. Wiki ileile mlangoni pakabandikwa cheti kwamba jengo lina afya njema.

Jumamosi alimleta mama mkwe. Bibi alibandika sikio kwenye zege, akasikiliza.

"Umekula?" alimuuliza mwanawe. Kisha akasema, "Miaka tisa namsimanga mkeo, na wewe umenyamaza tu humo." Alimgeukia Fundi Uzi. "Nisamehe, mwanangu."

Tangu hapo bibi alikuja kila asubuhi na kigoda chake, akakaa hapo akichambua mboga na kumpa mwanawe habari za ukoo, nani kaoa, nani kafa. Fundi Uzi alipanda kila mapumziko, akaegemea nguzo. Daftari lilikaa kabatini ofisini kwa meneja, na ndani yake mumewe alikuwa mtoro.

Katika mwezi wa tatu wa kuja kwake, bibi alimtazama akiegemea, akatikisa kichwa.

"Siku zote unasimama mgongoni kwake. Uso uko upande wa pili."

"Umejuaje, mama?"

"Nimemzaa mimi. Nitashindwa kujua kisogo chake?"

Upande wa pili ulitazamana na ukuta wa nje. Kati ya ukuta na nguzo palikuwa na nafasi ya mkono mmoja, si ya mtu. Fundi Uzi alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaingiza mkono hadi begani, shavu likigusa ukuta, akapapasa zege taratibu kutoka juu kwenda chini mpaka muda wa mapumziko ukaisha.