Mikasi Mitatu

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Ndiyo maana pale kazini wananiita Pilipili, na wateja nao wamelidaka hilo jina kana kwamba nilibatizwa nalo. Lakini wiki ile nilifunga mdomo mpaka taya zikaniuma, na aliyenifungisha ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Kwanza nieleze tunavyofanya kazi, maana bila hilo hutanielewa. Chumba chetu cha ushonaji kina meza ya kukatia katikati, pasi dirishani, na kila fundi na cherehani yake. Mimi nashona magauni. Mama Pacha anashona sare za shule. Mzee tunayemwita Koti, kwa sababu hashoni kingine, yuko karibu na mlango apate mwanga. Vifungo, mwanamke mwembamba mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, ndiye anayemalizia kila kitu: vifungo, zipu, pindo. Na ile cherehani ya pembeni ilikuwa ya mdogo wangu, mpaka siku alipoteleza akavunjika kifundo cha mkono, kikaunga vibaya. Kalamu anashika, kikombe anashika, lakini kuongoza kitambaa chini ya sindano hawezi tena.

Alilia sana. Mimi kubembeleza sijui, nikamwambia, "Kwani macho nayo yamevunjika? Ulimi je? Basi njoo utusomee, tumechoka na redio." Tukaanza kama mzaha. Sasa kila asubuhi anakaa kwenye stuli kati ya meza na pasi, anasoma, sisi tunashona, na mwisho wa wiki anapata fungu lake kama fundi yeyote.

Hadithi za kubuni hatusomi. Koti alizipiga marufuku siku ya kwanza. "Uongo nausikia wa kutosha kwa wateja," alisema. Kwa hiyo ni vitabu vya mambo ya kweli tu, chochote maktaba itakachotupa: nyuki, matetemeko ya ardhi, meno, usingizi, ndoa. Kila kitabu tunakivalisha karatasi ya kaki kwanza, mafuta ya cherehani yasikichafue tukaja kugombezwa, na kikishavaa kaki huwezi kujua hiki ni kipi na kile ni cha nani.

Sheria ni moja. Ukichoshwa, unainua mkasi wako na kuubana hewani usikike: kacha! Mikasi mitatu ikilia, kitabu kinafungwa papo hapo, hata kama sentensi imebaki kiguu upande. Halafu kila mtu anatoa maoni yake kabla hajagusa chai.

Na maoni yetu hayana adabu. Kile cha kutajirika kilitushauri tuamke kabla ya jogoo. "Mimi tangu nizae pacha sijalala," Mama Pacha akasema. "Huo utajiri umepotelea njia ipi?" Kacha. Cha usingizi kilimlaza Koti kweli, shavu juu ya koti la mteja, tukabishana asubuhi nzima kama hiyo ni sifa ya kitabu au ni kasoro. Cha ndoa nilikikata mimi mwenyewe mapema, pale mwandishi alipotaka mke akikasirika ahesabu polepole. Nihesabu nini, na pindo zinaningoja? Cha nyuki kilipita, ila Vifungo alinuna: "Anawapenda nyuki kuliko watu. Mkewe kamtaja mara moja tu, tena siku alipoumwa." Na cha matetemeko hakikupata mkasi hata mmoja, ingawa kila lori likipita barabarani Mama Pacha alikuwa anaruka chini ya meza.

Basi Jumapili moja mchana tumekaa jikoni tunamenya viazi, mdogo wangu akasema bila kuinua macho, "Dada, nimeandika kitabu."

"Cha nini?"

"Cha mama."

Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa dobi. Alifulia nyumba za watu kwa mikono yake mpaka mwili ulipokataa. Mdogo wangu alikuwa ameyaandika hayo yote, sabuni, madoa, maji, na zile nyumba, kwa mkono ule ule mbovu, mimi niko chumba cha pili sina habari. Ameshakipeleka kikachapwa kwa kompyuta na kubanwa kama kitabu.

"Kuna wachapishaji wanapokea miswada, mwisho Ijumaa," akasema. "Lakini nataka kuwasomea nyinyi kwanza. Nitakivalisha kaki kama vile vingine. Wasijue ni changu."

"Na wakikikata?"

"Mikasi mitatu ikilia, nakitia kwenye gunia la vipande vya vitambaa, naenda zangu kwa kaka. Anataka mtu wa kumwangalizia nyumba."

Kisu kikanitoka mkononi. Kaka yetu ni mtu mwema, simsengenyi, lakini kwake mtu anageuka kabati. Anafuta vumbi, anangoja wenye nyumba warudi, anafuta tena. Nilimjua mdogo wangu. Akienda kule hatashika kalamu maishani.

"Niapie hutasema," akaniambia. "Na usiwakodolee macho, nakujua. Na mkasi wako uutumie kwa haki kama siku zote."

Nikaapa. Nilijuta kabla neno halijanitoka vizuri.

Jumatatu akakaa kwenye stuli yake. "Leo ni kitabu cha kufua nguo," akatangaza.

"Cha kufua?" Koti akaguna. "Ndiko tulikofika? Kesho utatuletea cha kudeki." Akainua mkasi wake mkubwa: kacha!

"We Koti!" nikawaka. "Sheria inasema ukichoshwa, haisemi ukitabiri!"

"Nimeshachoshwa na jina. Mbona moto hivyo, Pilipili? Kimeandikwa na shangazi yako?"

Mdogo wangu akanikata jicho. Nikajikaza kisabuni, nikainama juu ya gauni langu, nikashona kama ninayeadhibu kitambaa. Mkasi wa kwanza huo, na kurasa hazijafunguliwa.

Akaanza kusoma. Sura ya kwanza ni sabuni. Sabuni ya mche, sabuni ya unga, maji yanayotoa povu, maji yasiyotoa, povu la asubuhi, povu la mchana. Vifungo akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Mwishowe akauinua wake: kacha! "Jamani mnisamehe, nazama. Ni povu tupu. Watu wako wapi?"

Mikasi miwili. Mdogo wangu akageuza ukurasa haraka. Na niseme ukweli, hata mimi sura ile ilinichosha. Mkasi wangu ulikuwa pale mezani mbele yangu na niliona haya kuutazama. Nikausukuma chini ya kitambaa, na kila Mama Pacha alipokata uzi nilidhani ni kacha ya tatu.

Siku iliyofuata akaingia kwenye nyumba. Hapo sabuni ikaisha na watu wakatokea. Mwenye duka ambaye kola zake zilionyesha hali ya biashara kabla hajaijua mwenyewe. Mabinti waliojaza mifuko ya sketi barua za mapenzi, na mama akawa anazitoa na kuzirudisha kavu bila kusoma, maana kusoma hakujua, na kama angejua asingesoma. Vifungo akacheka mara moja, kisha akaacha kucheka.

Halafu akafika kwenye nyumba ya nguo za mtoto.

Mama alikuwa akiletewa kapu la nguo kutoka nyumba hiyo kila wiki, na ndani yake kuna nguo za kitoto kichanga. Wiki moja kapu likaja bila hizo nguo. Wiki iliyofuata zikaja zote, safi, zimekunjwa. Mama hakuuliza. Alizifua moja moja kama chafu, akazianika, akazipiga pasi, akazirudisha. Kapu lilipokuja tena, nguo zilikuwa ndani, safi vile vile, na alizifua tena. Ikawa hivyo wiki kwa wiki, na yule bibi wa nyumba hakusema neno, na mama hakusema neno, hata zilipokoma kuja. Kisha muda mrefu ukapita. Siku moja mama akainua nguo kutoka kapu la nyumba ile ile, akaona kanzu ndogo yenye doa la maziwa. Akaketi chini pale pale kwenye maji, akalinusa lile doa, akacheka peke yake kama mwehu.

Mimi ndiye mkubwa, na hilo sikuwahi kulisikia. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akifuatana na mama kurudisha makapu. Nilimwona mama mbele yangu waziwazi, mikono imejikunja kwa maji, na nilimlilia upya nikiwa nakanyaga cherehani.

Kilichonitisha ni wenzangu. Chumba chetu hakijui kunyamaza. Hata kitabu cha meno kilituletea ugomvi. Lakini siku ile, na Jumatano yote, hakuna aliyechokoza, hakuna aliyesema "hebu rudia," hakuna aliyeguna. Ni cherehani tu. Mdogo wangu alisoma huku uso unazidi kuanguka, mpaka akafika mwisho, akafunga kaki.

"Kimekwisha," akasema. "Maoni."

Koti akainuka, akatoka nje bila kumwangalia mtu. Mama Pacha akazidi kuinama. Vifungo, ambaye angeweza kutoa maoni juu ya kikombe cha maji, akawa anatafuta kitu sakafuni.

"Nimeelewa," mdogo wangu akasema taratibu. "Mkasi wa tatu mmeuzuia kwa kunionea huruma. Sawa." Akaenda kwenye gunia la vipande, akakitumbukiza kitabu, akakisukuma chini kwa mkono wake mbovu. "Kesho nitakuja kuwaaga. Naenda kwa kaka yangu."

"Kwenda wapi?" Mama Pacha akashtuka.

Nilikuwa nimeapa. Kwa hasira, kwa kuwa sina pengine pa kuzimalizia, nikanyakua kaptula ya shule mezani kwa Mama Pacha niitupe. Nikaitazama. Nikaitazama tena.

Miguu yote miwili ilikuwa imeshonwa chini, imefungwa kabisa. Ungeweza kubebea viazi.

"Mama Pacha, hii ni nini?"

"Toba!" Akashika mdomo. Akavuta ya pili, ya tatu. Zote mifuko ya viazi. "Mungu wangu, nilikuwa nasikiliza!"

Nikamrukia Vifungo. Shati lake lilikuwa na vifungo pande zote mbili, vinatazamana, tundu hakuna hata moja. Nikaenda kwa Koti. Alikuwa na makoti mawili ya ndugu wawili, na moja lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. La pili sikuhitaji hata kuligeuza. Mzee huyu sijawahi kumwona akifumua mshono! Mwisho nikainua gauni langu mwenyewe, nikacheka kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Shingo nilikuwa nimeifunga. Hata sindano haipiti.

"We mtoto, njoo hapa!" nikamfokea mdogo wangu. "Ulitaka maoni? Haya, angalia maoni! Nyuki walituharibia nini? Matetemeko yalituharibia nini? Njoo uone ulichotufanya!"

Akaja. Akaishika ile kaptula, akaingiza mkono wake mbovu ndani mpaka chini, ukagota.

Koti akarudi mlangoni, macho mekundu, anafuta pua kwa kipande cha bitana. Alipoona tumeshika makoti yake hakukana. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akachakura, akatoa kitabu, akakipangusa nyuzi. "Hiki si cha kulala humu," akasema. "Soma tena pale pa nguo za mtoto. Safari hii sishoni." Akakohoa. "Na mkasi wangu wa Jumatatu naurudisha."

"Mkasi haurudishwi," nikasema.

"Sheria haisemi hivyo."

"Mimi wangu siurudishi," Vifungo akadakia. Ulimi wake ulikuwa umepona. "Kitabu kimeniliza, sawa, lakini ile sura ya sabuni ni ndefu mno. Mtu mwingine angekata tamaa asifike kwa huyo bibi. Mwandishi angeambiwa aipunguze."

Mdogo wangu akavuta pumzi. Sijui alikuwa analia au anacheka, nadhani vyote. "Nitaipunguza," akasema. "Mwandishi ni mimi. Yule dobi ni mama yetu."

Basi ile kelele iliyofuata, wapita njia walichungulia dirishani. Mama Pacha alimkumbatia mpaka stuli ikaanguka. Koti alinigeukia: "Kumbe ni cha shangazi yako kweli!" Nami nikamwambia hajui hata kutukana ukoo sawasawa, ni cha mama yangu.

Alhamisi hatukushona kipya. Tulifumua. Kaka akapiga simu kuuliza mgeni wake anafika lini. Nikaichukua mimi. "Tafuta mtu mwingine wa nyumba," nikamwambia. "Huyu ana kazi." Mdogo wangu alikuwa ameinamia kurasa zake na kalamu, anafuta povu la asubuhi, anafuta povu la mchana. Alipomaliza akapanda kwenye stuli atusomee sura ya sabuni upya, kabla haijapelekwa kesho yake.

Alikuwa katikati ya maji ya mvua, Vifungo akauinua mkasi wake juu. Sote tukaganda. Hata mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio. Mkasi ukashuka taratibu, ukakata uzi wa kifungo alichokuwa anakibandua.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Hebu mwacheni aendelee, mtu nimenogewa. Soma, mwandishi."