Kengele ya Chakula

Kwanza ieleweke kwamba lile rimu la gari halikuwa la mtu. Lilikuwa limetupwa nyuma ya ofisi, karibu na pipa la maji, na kama kuna aliyelipenda, basi alilipenda kwa siri kubwa. Nayasema haya kwa heshima zote.

Shule yetu ya bweni iko Mbozi, katikati ya mibuni. Mwaka huu mkuu wa shule aliamua kwamba sisi wa kidato cha tatu tutumie likizo ya Juni kwenye ofisi za watu, tuijue kazi kabla kazi haijatukataa. Mwenyeji akiridhika nawe, atakuita tena Disemba, na ukimaliza shule una mahali pa kuanzia. Asiporidhika, unarudi na kumbukumbu nzuri.

Wenzangu walishangilia. Mimi nilimfikiria kaka yangu Timotheo. Naye alisoma shule hiyohiyo, akafaulu mpaka kidato cha sita, na tangu hapo yuko nyumbani Ileje. Cheti chake mama amekifunga kwenye kanga na kukilaza sandukuni kama marehemu mwenye heshima zake. Kila asubuhi Timotheo huvaa shati lililopigwa pasi, hukaa barazani na kusubiri simu. Jioni hulivua likiwa bado limenyooka. Sikutaka shati langu lizeeke likiwa safi.

Nilipangiwa Tunduma, kwa Madam Tulinagwe, wakala wa forodha. Kazi yake ni kuvusha mizigo ya watu kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na mbele zaidi. Ofisi ina vyumba viwili, na mbele yake kuna yadi ambamo malori husubiri kibali cha kuvuka. Gloria alikaa kwenye kompyuta na simu mbili. Osea alikimbia na makaratasi kwenda forodhani na kurudi. Mimi waliniita Fildi, kwa kuwa nilikuja kwa mafunzo ya fildi, na hawakuona haja ya jina lingine.

"Fildi, sogeza kiti."

"Fildi, usisimame hapo."

Hawakuwa wabaya. Walikuwa na kazi tu, nami sikuwa nayo.

Bwenini nilikuwa mtu mwenye hadhi. Niliwahi kuigiza sauti ya mwalimu wa nidhamu chini ya dirisha, bweni zima likaamka na kufua soksi. Tunduma, siku ya kwanza, nilikaa nikisubiri kengele ya chakula cha mchana. Nilipogundua kwamba duniani hakuna anayeipiga, Gloria alikuwa ameshakula nyuma ya kompyuta na Osea amekula akitembea. Nilikula chapati yangu nyuma, mimi na pipa.

Nilifikia kwa shangazi Recho, anayeuza vitenge Nakonde. Aliondoka kabla sijaamka na kurudi akitaka kunyoosha miguu na kunyamaza. Nikajaribu mzaha ofisini: nilificha kalamu ya Osea ndani ya kopo la sukari. Osea akachukua kalamu nyingine. Mzaha wangu ulikufa na hakuna aliyeweka matanga.

Ndipo, mchana wa Jumatano, nikalitazama lile rimu. Kengele ya shule yetu ni rimu la gari lililoning'inizwa mtini. Nikatafuta waya, nikalifunga kwenye mti pekee wa yadi, nikaokota nondo. Yadi ilikuwa kimya, milango ya malori imefungwa, kila dereva peke yake ndani. Nikapiga mlio wa chakula: mitatu ya taratibu, halafu mfululizo. Nilitaka kuusikia tu.

Milango ikafunguka. Dereva mmoja akashuka na sahani na kijiko, kwa imani kamili. Mwingine, jitu zima lenye kandambili, akauliza, "Leo maharage yana wadudu?"

"Wadudu ndio nyama yenyewe," akajibiwa kutoka lori la tatu.

Watu wazima wale, ambao nao waliwahi kukaa bwenini, wakacheka mpaka wakaegemea matairi. Kwa muda mfupi hadhi yangu ilirudi.

Lakini nyuma alikuwepo mzee Yesaya, aliyekuwa amelala. Aliamka akaona watu wanatembea, akaamini foleni imeitwa. Akawasha gari na kusogea. Waliokuwa nyuma yake hawakutaka kupitwa, nao wakasogea. Mara tela moja likawa limekingama langoni, na lori lililokuwa limeshapata kibali halikuweza kutoka.

Madam Tulinagwe akatoka nje. Yeye hapigi kelele. Alilitazama rimu, ambalo lilikuwa bado linabembea.

"Fildi."

"Naam, Madam."

"Shuleni kwenu mnafundishwa kupiga chuma?"

"Ni zamu, Madam. Kila wiki mtu mmoja."

"Na wiki hii ni yako." Aligeuka kutazama lango. "Utapita gari moja moja, umwombe kila dereva radhi. Ukimaliza, tutaangalia kama kuna haja ya wewe kuja kesho."

Nililiona shati la Timotheo waziwazi, mpaka mstari wa pasi kwenye mkono.

Nilianza kwa mzee Yesaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiwe kengele?"

"Ndimi. Naomba radhi."

"Radhi umepata. Mzigo wangu umefikia wapi?"

"Sijui, mzee."

"Hujui. Basi nenda ukajue, halafu uje uniombe radhi upya."

Nikarudi ofisini. Gloria, simu ikiwa begani, akatazama kompyuta. "Mwambie upande wa Zambia hawajathibitisha uzito. Labda kesho mchana."

Nikampelekea. Mzee Yesaya akatikisa kichwa, akazima injini. "Kesho mchana. Basi ngoja nifue," akasema, akashuka na beseni. Siku zote alikuwa anaambiwa asubiri tu, kwa hiyo hata kufua aliogopa.

Ikawa hivyo lori kwa lori. Kila mmoja alinisamehe haraka na kuuliza swali lilelile, nami nikakimbia kwa Gloria na kurudi. Dereva mmoja Mzambia nilimsalimia "mwapoleni mukwai," maneno niliyoyaokota kwa shangazi, naye akanijibu Kibemba kirefu ambacho sikuelewa hata kidogo, ila nilielewa kwamba amefurahi. Wengi, wakishapata jibu, waliongeza swali lisilo la mzigo. Kwetu ni wapi. Mbozi baridi imeanza? Walikuwa na picha za watoto wao zimebandikwa juu ya usukani, nao hawakutaka nishuke ngazi upesi. Hata mimi sikuwa na haraka.

Jioni lango lilikuwa wazi. Madam hakusema nije wala nisije, kwa hiyo Alhamisi nikaja, nikaizunguka yadi bila kutumwa. Adhuhuri Gloria aliinua macho. "Leo mlangoni hakuna watu," akasema, kama aliyeona mvua ya kiangazi. Kwa kawaida madereva hujazana pale wakiuliza.

Ijumaa Madam aliniita. "Disemba mnafunga lini?"

"Mwanzoni mwa mwezi, Madam."

"Uje. Kazi yako itakuwa yadi. Na hilo rimu liondoe."

Niliondoa rimu, kisha nikatafuta wa kumwambia. Gloria alikuwa kwenye simu zote mbili. Osea alikuwa forodhani, shangazi Nakonde. Nikaenda pale alipokuwa mzee Yesaya, nikakuta lori jingine na dereva asiyenijua. Wote niliowazoea walikuwa wamevuka. Kazi hii ukiifanya vizuri, watu wanaondoka.

Nikampigia kaka.

"Ipyana," akaitika. Nilikuwa sijalisikia jina langu ofisini tangu nifike.

Nilimsimulia habari za rimu. Alicheka kicheko ambacho nilidhani kimeshatoka nyumbani kwetu. "Ulipiga upi?"

"Wa chakula."

"Mitatu ya taratibu, halafu mfululizo?"

"Ndiyo."

"Huo ndio wenyewe."

Ndipo nikamwambia kuhusu Disemba. Nilimsikia mama, mbali, akiita kuku.

"Hongera, mdogo wangu."

"Asante, kaka."

"Huyo Madam wako," akasema, "hahitaji mtu mwingine? Hata wa hiyo yadi."

Sauti ya mkuu wa shule ilinijia yenyewe, tayari kabisa: ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Ilifika ncha ya ulimi. Nikaimeza.

"Nitamuuliza leo, kabla hajafunga."

"Ila usimwambie nimefika kidato cha sita. Ataona nitamsumbua."

Alikata simu yeye. Nikachomekea shati langu, ambalo lilikuwa na grisi mpaka kiwikoni, nikasimama mlangoni kwa Madam nyuma ya dereva mmoja mgeni, kungoja zamu yetu.