Mbuzi Aliowabeba Njuguna

Kabla ya alfajiri, Nzula alisikia kifuniko cha sufuria kikigongagonga jikoni. Kwa muda mfupi alidhani ni Mungai anayejichemshia chai. Kisha akakumbuka kwamba mumewe yuko mochari. Aliyekuwa jikoni ni jirani yake, Peres, aliyeingia kimyakimya kumpikia uji asije akaenda mjini na tumbo tupu.

Walikunywa pamoja. Mtaa mzima wa Kabiria ulijua habari. Tangazo la kifo liliposomwa redioni, Mungai alitajwa kuwa mwana wa Mwihaki na ndugu wa Njuguna, basi. Mke hakutajwa. Njuguna alikuwa ameiambia mochari isimpe Nzula mwili, kwa kuwa hakuolewa, waliishi tu pamoja. Ndugu yake angezikwa Limuru kwa baba yao. Nzula hakuomba kitu kingine ila kumzika Mungai nyuma ya nyumba waliyoijenga wawili, kama alivyotaka mwenyewe, naye asimame kaburini kama mkewe.

Asubuhi hiyo wangekutana kwa wakili, ghorofani River Road, wajaribu kuelewana kabla ya kufika kortini. Peres alimsindikiza. Njuguna alimleta mama yao, Mwihaki, aliyeishi naye mtaa wa Mountain View, awe shahidi wake. Ngazi zilimchosha bibi kizee yule. Nzula aliinuka, akampa kiti chake kilichopata jua la dirishani, akamfunika magoti kwa leso. Mwihaki akaushika mkono wake kidogo kabla ya kuuachilia.

Njuguna alieleza kwa kirefu. Kwa Wakikuyu, alisema, mume humkatia mke bega la mbuzi mbele ya jamaa, na bega hilo hakuna aliyeliona. Wakili akamgeukia Nzula. Nzula akasema kwao Ukambani mambo ni mengine. Mwanamume hupeleka mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa msichana, nao huchinjwa hapo hapo. Wakishaliwa, huyo ni mke. Akifa, mumewe ndiye humzika, na mume akifa, yeye ndiye humzika. Mungai aliwapeleka mbuzi hao Machakos, na aliyewabeba kwa pikapu ni Njuguna huyu huyu.

"Mimi nilikuwa dereva," Njuguna alisema akicheka. "Nilibeba mbuzi kama ninavyobeba viazi. Tukakaribishwa chakula, tukarudi. Harusi gani hiyo?"

Mwihaki alikuwa akisikiliza muda wote. Sasa akainua kichwa.

"Njuguna, ni ile nyama?"

"Nyama gani, maitu?"

"Ile unayotusimulia kila Krismasi. Nikikuchinjia mbuzi wangu unasema huyu si kitu, eti tungeonja yule wa Machakos. Wazee wa huko wakikukatia kwa mikono yao na kukuita jamaa yao."

Njuguna aliitazama kofia aliyoishika mkononi.

"Sikujua ni ya nini," akasema polepole. "Nilidhani ni wageni wanakirimiwa."

"Hukujua, lakini ulishiba. Umekula harusi ya ndugu yako mpaka ukalamba vidole, leo unasema hakuoa?"

Wakili aliinamisha uso kuficha kicheko, akashindwa. Peres akacheka waziwazi. Mwishowe Njuguna naye akacheka, huku machozi yakimtiririka, maana alimpenda ndugu yake. Alikuwa amelitafuta bega mahali ambapo bega halikatwi. Akatoa simu yake ya mkononi, akapiga mochari pale pale, akasema mwili apewe mkewe.

Jioni tangazo lilisomwa upya: Mungai, mume mpendwa wa Nzula. Kabiria, watu wakaongeza sauti za redio zao mpaka jina hilo likasikika barabarani.

Walimzika Jumamosi, nyuma ya nyumba. Nzula alitia udongo wa kwanza, akiwa amesimama wima. Njuguna alishika koleo mpaka kaburi likajaa, akakataa kupokewa. Nyimbo ziliimbwa kwa nguvu kama za harusi, na hakuna aliyeona ajabu.

Wakati wa kuondoka, Mwihaki aliteremsha kioo cha gari.

"Mke wa Mungai," akaita, jina ambalo hakuwahi kumwita. Nzula akasogea. "Ulikuja kwangu mara moja tu, ukiwa msichana, ukaogopa kukaa. Njoo tena unione. Na safari hii usiondoke kabla chai haijaiva."