Jani Ndani ya Kikombe

Naima aliitazama filamu ile mara ya nane, na hiyo mara ya nane ndipo alipoliona jani.

Jani lenyewe dogo tu, kijani kibichi, limechongoka mbele. Lilikuwa linaelea kwenye kikombe cha bati mkononi mwa shangazi yake, Batuli. Shangazi amejifunga kanga aliyoivaa kwenye harusi ya mwanawe Nurdini, ile nyekundu yenye michoro ya korosho nyeusi, amesimama mbele ya bomba la kijiji cha Mitundwa, huko Kondoa. Anakinga maji, anakunywa, anacheka mpaka pengo linaonekana. Nyuma yake kuna tangi jeusi juu ya jukwaa la matofali, na juu zaidi vioo vya sola vinameremeta. Chini ya picha yanapita maneno: Maji yamefika Mitundwa.

Naima alirudisha nyuma, akasimamisha picha. Jani lipo.

Sasa maji ya bomba lile yanavutwa na pampu kutoka mita sabini chini ya ardhi. Huko chini ni mwamba na giza. Jani bichi limefuata nini?

Huyu Naima alikuwa mwandishi wa redio miaka kumi na minne. Kinasa sauti chake alikitia ndani ya soksi ya mtoto kisipigwe vumbi, viatu vyake viliisha upande mmoja kwa kutembea, na kuanzia Bahi mpaka Kolo watu waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura yake. Alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliicheka: habari haiendi hewani mpaka amsomee mwenyewe aliyeisema. Ataketi kwenye kigoda, atasoma polepole, kisha atauliza, "Bibi, ndivyo ulivyosema?" Bibi atasema, "Hapana, mbuzi walikuwa sita, si watano, na yule wa sita ndiye aliyekuwa na mimba." Naima anafuta, anaandika sita, anaandika na ile mimba.

Miezi kumi na minane iliyopita akaitwa kuwa mkurugenzi wa Uwanda, shirika la Dodoma linalotoa habari za vijiji mtandaoni na kuvitafutia vijiji hivyo maji kwa msaada wa wafadhili. Akapewa ofisi ghorofa ya tatu, kwenye barabara iendayo Mtumba, yenye madirisha ya vioo yasiyofunguka, mlango unaofunguliwa kwa kadi ya shingoni, na kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza alikizungusha mara moja, akacheka peke yake. Hakukizungusha tena. Tangu aingie mle hakuandika habari hata moja. Kazi yake ilikuwa vikao na sahihi, sahihi na vikao, na chai ikipoa mezani mpaka inafanya utando.

Kule Mitundwa walipopata habari za kiti hicho walisoma dua na kuchinja beberu. Naye Naima, kisima cha kwanza kabisa alichokiombea fedha kilikuwa cha Mitundwa.

Jumanne ile, basi, akiwa bado analitazama jani, alichukua simu akampigia shangazi yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, nataka nikusomee maneno ya ile filamu yenu, kabla hatujaitoa Alhamisi. Kama zamani."

"Ehee! Nisomee. Ngoja nikae."

Naima akamsomea yote. Kwamba maji yanatoka asubuhi na jioni. Kwamba kina mama wamepumzika kwenda mtoni. Kwamba Bi Batuli anasema sasa magoti yake yamepona. Upande wa pili jogoo alikuwa anawika.

"Ndivyo ulivyosema, shangazi?"

"Mmeandika vizuri," alisema Batuli. "Yanapendeza. Hebu niambie, hao wageni wa Alhamisi ni wangapi? Tupate kujua ndoo."

"Ndoo za nini?"

"Za kujaza tangi, mwanangu. Wale wa mwezi wa saba walikuwa wawili, tulipandisha ndoo ishirini na mbili zikatosha. Sasa kama mnakuja na magari..."

Naima akauliza zaidi, shangazi akaeleza. Kumbe pampu ilikufa Juni, wiki ya pili baada ya kuvuna mtama. Ilinguruma siku moja, ikanyamaza. Kina mama wakarudi mtoni kufukua mchanga na kuteka kwa kata, kama walivyofanya bibi zao. Na waliposikia kuwa watu wa Naima wanakuja kupiga picha, walibeba maji kichwani tangu alfajiri, mmoja wao, Mwajabu, akapanda ngazi, wakayamimina tangini ndoo kwa ndoo. Wanawake wa kule hutia tawi lenye majani ndani ya ndoo ili maji yasimwagike njiani. Jani likakatika kwenye tawi, likapita kwenye bomba, likaingia kikombeni.

"Mbona hamkuniambia, shangazi?"

"Tukuambie nini? Kwamba zawadi yako imekufa? Mtu anakupa kuku, kuku akafa, utamfuata kumwambia kuku wako kafa? Unanyamaza. Tulikustiri, Naima."

Alipokata simu, Naima alisimama dirishani. Alitafuta kitasa cha kufungulia apate hewa, kisha akakumbuka hakuna kitasa.

Maana Alhamisi haikuwa siku ya filamu tu. Wafadhili walikuwa wanakuja Mitundwa kutia sahihi ya makabidhiano. Karatasi ile ikisainiwa kuwa mtambo ni mzima, dhamana ya mkandarasi aliyefunga pampu imekwisha, naye anakwenda zake. Pampu inakuwa mali ya kijiji, na ikifa ni msiba wao. Kijiji cha watu wanaouza alizeti kitapata wapi pampu ya mita sabini? Shangazi atafukua mchanga mpaka azikwe.

Alimwita Gerson, mkuu wa miradi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono inakata. Akamweleza. Gerson alitazama mlango kwanza.

"Mkurugenzi, ripoti imekwenda tangu mwezi wa tisa. Umeisaini wewe."

"Niliisaini kwa sababu uliniambia umeyaona maji."

"Niliyaona! Niliyanywa!" Gerson aliweka mkono kifuani. "Mimi ningejuaje kwamba nakunywa mto?"

Ungemcheka, ila hakuna aliyecheka. Wafanyakazi tisa walikuwa wanaishi kwa mshahara wa shirika lile, na vijiji vingine vitano vilikuwa kwenye foleni. Wafadhili wakisikia Uwanda imewaletea filamu ya uongo, vitano vile navyo basi.

Naima akampigia Mzee Bartolomayo, mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kupima maneno kama sukari ya mgonjwa.

"Wapeleke, wasaini, warudi," alisema Mzee Bartolomayo. "Baadaye tutatafuta fundi kimya kimya."

"Baadaye lini, mzee? Na kwa fungu gani?"

"Naima, binti yangu. Wewe si mwandishi tena. Mwandishi husema akaondoka. Kiongozi husema kisha akabaki pale pale na alichokisema. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Alikuwa amemwelewa, na hilo ndilo lililomkaba. Mzee angekuwa mpumbavu, Naima angemdharau.

Ikabaki njia moja ambayo yeye hasemi neno: tangi liwe tupu, wageni wajionee wenyewe. Jumatano akampigia shangazi tena, akaomba wasijaze. Simu ilikuwa kwenye spika, maana kicheko alichokisikia kilikuwa cha wanawake wengi.

"Atufundishe kupokea wageni!" Hiyo sauti ilikuwa ya Mwajabu, yule wa ngazi. "Mkurugenzi wee, huko Dodoma mgeni mnamwonyesha bomba kavu?"

"Mwajabu, nisikilize. Wakiona maji watasaini, na wakisaini..."

"Na wasipoona watasema mtoto wa Mitundwa kala pampu," Batuli akamkatiza. "Nakujua ulivyo, utasema ukweli wako, utalala usingizi. Lakini sisi watatutazama vipi? Wanawake wazima, wacha Mungu, tumedanganya kwenye picha? Mimi nimehiji kwa nia tu, sijafika Makka, na nikifa nataka nife na jina langu. Tangi litajaa. Na wewe vaa vizuri."

Simu ikakatwa.

Alhamisi magari mawili yalitoka Dodoma asubuhi. Naima alikaa nyuma katikati, Gerson kushoto, na kulia Bi Gladness kutoka ofisi ya wafadhili, mama mpole mwenye faili la bluu mapajani. Lami ilikuwa nzuri, milima ya Kondoa ikaja mapema kuliko alivyotaka. Njia nzima Bi Gladness alimsifu kwa ile filamu aliyotumiwa mapema, hasa kile kicheko cha yule mama mwenye pengo. Naima alijibu asante, asante.

Mitundwa walikuwa wamefagia mpaka barabarani. Kamba ya karatasi za rangi ilifungwa kutoka kwenye jukwaa la tangi hadi kwenye mti. Wanawake kama arobaini walisimama safu mbili na kanga zao za sikukuu, wakaimba, na Batuli mbele yao na kanga yake nyekundu. Naima alitazama shingo zao, wala hakutazama nyuso. Shingo zilikuwa zimekakamaa, kama za mtu aliyeshusha mzigo sasa hivi. Na pembeni, kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, ndoo zimepangwa zimefunikwa kwa turubai, lakini chini ya turubai udongo ulikuwa umelowa.

Dua ikasomwa. Mwenyekiti wa kijiji akasema yake. Bi Gladness akafungua faili, akatoa karatasi na kalamu.

"Kwanza tumwombe mkurugenzi wetu, mtoto wa hapa hapa, afungue bomba," alisema Bi Gladness.

Vigelegele. Naima akaenda. Akashika koki, ya baridi. Shangazi alikuwa hatua mbili tu, kikombe cha bati mkononi, na macho yake yanasema: kikombe kimoja, mwanangu, kisha funga.

Naima akafungua. Maji yakatoka kwa nguvu. Vigelegele tena. Akajaza kikombe, akamrudishia shangazi, ila koki hakuifunga.

"Kina mama," alisema, na sauti ikawa ile ya redioni, hata yeye mwenyewe aliisikia. "Bomba si la kuangaliwa. Leteni ndoo zenu mteke, wageni waone. Kila mtu ndoo yake."

Mwajabu alimtazama Batuli. Maji yanamwagika mchangani, na mwanamke wa kule hawezi kuyaona maji yanamwagika akasimama. Aliyeanza kukimbia alikuwa Mwajabu mwenyewe. Akavuta turubai, akaleta ndoo. Mwingine akafuata. Wakapanga foleni bila kuambiwa, ndoo ikijaa inasogezwa nyingine inaingia, wala hakuna aliyeimba. Bi Gladness alikuwa anapiga picha, anatabasamu. Ndoo ya kumi. Ya ishirini. Ndani ya ndoo moja likazunguka jani dogo, na Naima akaliona, na Batuli akamwona akiliona.

"Naima," alisema Batuli taratibu. "Inatosha."

"Bado ndoo yako, shangazi."

Walikuwa wamepandisha ndoo thelathini na nne alfajiri ile. Ya thelathini na tatu bomba lilikohoa. Ya thelathini na nne, iliyokuwa ya Batuli, ilikaribia kujaa kwa kudondoka, tone, tone, kisha bomba likavuta pumzi ndefu, likanyamaza.

Bi Gladness aliishusha simu yake. "Vipi? Umeme?"

Gerson alimwangalia Naima kama mtu anayemwangalia mwenzake aliyesimama ukingoni mwa paa.

"Si umeme," Naima alisema. "Pampu imekufa tangu Juni. Maji haya wameyabeba kina mama kutoka mtoni kwa vichwa vyao, na yale ya kwenye filamu pia. Waliogopa kutuaibisha. Hawakusema uongo, Bi Gladness, hakuna aliyewauliza. Ripoti niliisaini mimi ofisini. Tafadhali usisaini hiyo karatasi."

Bi Gladness alikwenda mpaka kwenye ndoo, akainama, akachovya kidole, akatoa jani. Akaliweka juu ya faili la bluu.

"Sitasaini," alisema mwisho. "Mkandarasi ataitwa. Hilo la kijiji." Akalifunga faili. "Hilo la shirika lenu, na lako, mama, siwezi kulisema hapa. Nitaandika nilichokiona."

"Andika," Naima akasema. "Kisha unisomee."

Pilau ya wageni haikuliwa. Magari yakageuzwa, Gerson akashikilia mlango wazi akimsubiri mkurugenzi wake, na mkurugenzi akatikisa kichwa. Vumbi likainuka, likashuka. Wanawake wakaanza kujitwika ndoo zao, mmoja mmoja, maji yale yale waliyoyaleta wanayarudisha nyumbani. Waliompita walimpita bila neno. Mwajabu peke yake alisimama kidogo. "Ungeniambia mapema nisipande ngazi," alisema, akaenda.

Batuli alibaki, kikombe mkononi, hajanywa.

"Umenivua kanga mbele za watu, Naima."

"Nisamehe, shangazi."

"Sijui kama nitakusamehe. Labda fundi akija." Akamimina maji ya kikombe ndani ya ndoo yake, yasipotee. "Leo nimeshuka mtoni na kupanda na ndoo kichwani. Magoti haya hayajapona, ule uongo ulikuwa wangu. Nani atanibebea?"

Akaivua ile kanga nyekundu ya mabegani, akaisokota, akafanya ngata, akaiweka juu ya kichwa cha Naima kwa kuibana kidogo kuliko inavyotakiwa. Wakainua ndoo pamoja. Ilikuwa nzito kuliko Naima alivyoikumbuka, na viatu vyake vya ofisini vilizama mchangani hatua ya kwanza tu.

Simu ikaanza kulia kwenye mkoba. Alijua ni Mzee Bartolomayo. Ikalia mpaka mwisho, ikakatika, ikaanza tena. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa juu, imeshika ndoo, na shangazi alikuwa nyuma yake akimwambia asimwage.