Nafsi ya Chini Yaitwa Ndivani

"Kweli tupu, haki ya Mungu aliyeinua Shengena! Neno likizidi au kupungua hata punje, nisiione mvua ya vuli."

Mzee Eliamini alisimama ukingoni mwa ndiva ya Mhezi, mkono juu, koti la kustaafia likimpwaya mabegani.

"Jana nilikuwa njiani kupanda kutoka Same. Tembo watatu wa Mkomazi wakalala katikati ya barabara. Sisemi kusimama, nasema kulala! Mkubwa wao alikoroma mpaka vioo vya gari vikatetema. Dereva akapiga honi hadi betri ikafa. Sasa jamani, ningefikaje kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzoa tope?"

Wanachama wa ndiva walikuwa wameketi kwenye majani, wakilizunguka bwawa lao linalokinga maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Blandina, mwenyekiti, hakucheka. Alikuwa ameupakata ule ufito mrefu wa kupimia kila mtu kipande chake cha tope siku ya kuzoa ndiva.

Tausi, binti wa jirani, akanyoosha kidole. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Jana si ndiyo nilikuja kibarazani kwako asubuhi, ukanitafsiria ndoto yangu ya kuku aliyenyonyoka manyoya?"

Mkono wa mzee ukashuka polepole.

"Ukaniambia huyo kuku ni mama mkwe wangu."

Kicheko kilipotulia, Blandina alisema, "Mzee wangu, huu ni mwaka wa tatu hufiki. Sheria unaijua. Mwaka wa tatu, zamu ya maji inakatwa mpaka masika."

Hapo hakuna aliyecheka. Maharage ya Eliamini, mteremkoni chini ya njia, yalikuwa yametoa maua. Wiki mbili bila maji yangekuwa chakula cha mbuzi.

Lakini Eliamini hakuwa mtu wa kukamatwa mguu mmoja akakosa wa kukimbilia. Alichomoa kitabu mfukoni, hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Alikiokoa sokoni Same, kwa Habibu muuza karanga, kikiwa kimekwisha kuchanwa robo kufungia wateja. Tangu siku ile alikuwa hali akashiba bila kukisoma.

"Nasalimu amri kuhusu tembo," alisema. "Sasa sikieni elimu. Madaktari wa Ulaya wa zamani waligundua kwamba mtu si mmoja. Ndani yake yupo mtaka vyote, asiyejua kesho wala haya. Yupo hakimu, anayekemea kutwa. Katikati yao yupo maskini mwenye nyumba, anayewasuluhisha. Na chini ya wote kuna chumba kisicho na taa. Humo hutupwa yale tusiyotaka kuyaona, nayo hayafi. Hupenya usiku yakawa ndoto, mchana yakawa kuteleza ulimi na kusahau. Kwa hiyo aliyesahau msaragambo si mimi mnayeniona. Ni yule wa chini. Mkateni yeye zamu."

"Hapa Mhezi hatujengi vyumba vya chini," mtu akadakia. "Mawe hayakubali!"

Blandina aliomba kitabu, akakipekua, akakirudisha. "Madaktari wako wanasema mtu husahau bure?"

"La. Wanasema hakuna kusahau kwa bure. Chini yake pana kitu unachokitaka, au..."

"Basi," alisema Blandina. "Kesho asubuhi mlete huyo wa chini hapa, atueleze alichokuwa akitaka. Akitueleza, utalipa faini ya kawaida: sufuria la makande utakalolipika kwa mkono wako, na kuzoa kipande. Asipotueleza, maji basi."

Jioni Eliamini alijilaza chali kwenye benchi la kibarazani, kama kitabu kilivyoagiza. Mkewe Agatha alikaa kando, ungo mapajani, akichambua maharage.

"Kazi yako kusikiliza tu," alimwambia. "Mimi nitataja lolote linalokuja, bila kuchagua."

"Hilo ndilo unalolifanya tangu unioe, Baba Dorkas."

"Nyamaza, mama, hii ni sayansi. Haya. Jembe." Akafumba macho. "Mpini. Tope. Baridi ya miguu. Kicheko. Anderson ananirushia..."

Alitaka kutia chumvi hapo, maana hakuna hadithi aliyowahi kuiacha bila chumvi, lakini safari hii hakuipata. Kwa miaka thelathini na mmoja alipanga barua za watu posta ya mjini, asifungue hata moja. Sasa alihisi ameshika iliyoandikwa jina lake, na udadisi ukamshinda hofu.

"Mama Dorkas, mwaka wa kwanza ilikuwaje?"

"Nilikuamsha alfajiri. Ukavaa viatu vya kanisani, ukateremka Same. Ukarudi na karanga."

"Na mwaka wa pili?"

"Ulitafuta jembe kutwa nzima."

"Nani alilificha?"

Agatha aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Nilidhani unajua. Liko darini, limefungwa kwenye shuka. Fundo ni lako la posta, hakuna mwingine hapa anayelifunga hivyo."

Eliamini akaketi. Yeye na nduguye Anderson walirithi kipande kimoja cha ndiva kutoka kwa baba yao. Kila mwaka mmoja alianza upande huu, mwingine upande ule, wakakutana kati wakiwa wamejaa tope kama nyati. Miaka mitatu iliyopita homa ilimchukua Anderson. Desturi yasema, siku aliyebaki atakapokizoa kipande chote peke yake, mwenyekiti atampimia upya, na katika kuita zamu ya maji jina la marehemu halitatajwa tena. Mpaka leo, kila zamu yao ilipofika, Blandina aliita kwa sauti inayosikika bonde zima: "Anderson na Eliamini!" Na Eliamini, akiwa shambani, aliitikia mara mbili.

"Ajabu," alisema kwa sauti ndogo. "Ajabu kweli. Mtu anaweza kupanga njama na asijialike mwenyewe."

Agatha aliendelea kuchambua. Punje zilianguka kwenye bakuli moja moja.

Kesho yake asubuhi Eliamini alifika ndivani na jembe begani, sufuria kichwani. Kipande chao kilikuwa kimeinuka kama mgongo wa ng'ombe, kimeota majani, katikati ya tope lililosawazishwa na wenzake. Kipande cha mtu hakiguswi na mwingine.

"Amekuja?" Blandina aliuliza.

"Amekuja."

"Alikuwa anataka nini?"

Eliamini alitazama nyuso zote zile zikisubiri tembo, au nyoka, au mzimu. "Uendelee kuita majina mawili," alisema.

Blandina aliuegemeza ufito begani. Kisha akaonyesha mafiga matatu. "Makande kwanza. Watu wana njaa."

Alipika. Alikoroga mpaka jasho likamtiririka shingoni, Tausi akimkosoa kuhusu chumvi na moto. Yalipoanza kutokota alimwachia mwiko, akakunja suruali, akaingia kwenye baridi ya tope, upande wake, ule aliouanza tangu ujana. Alizoa akatupa, akazoa akatupa. Mwanzoni alihesabu hatua, kisha akaacha. Mgongo ulilia, jua likapanda juu ya Shengena, harufu ya maharage ikatanda. Hakuinua kichwa.

"Umeshapita, mzee," Blandina alisema kutoka ukingoni.

"Nimepita wapi?"

Alielekeza ufito nyuma ya mzee. Eliamini akageuka kutafuta ile sehemu ya kati walipokuwa wakikutana. Tope lilikuwa laini, limesawazika mwanzo mpaka mwisho, na maji membamba yalikuwa yameanza kulifunika.

"Nimepita saa ngapi?" aliuliza.

Blandina alivua kandambili, akashuka. Akaulaza ufito juu ya tope, akaanza kupima upya.