Sifutiki na Mabaki ya Shangazi

Kuna watu wanapenda maua, kuna watu wanapenda mpira. Mimi napenda wino usiotoka. Ukinipa mkono siku ya kazi utaondoka na zambarau kidogo ya kwangu, na usije kunilaumu, nimeshakwambia.

Mchana nashona viatu kwa shangazi yangu, dada yake baba. Tuna chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, meza iliyokatwakatwa na visu, na rafu ya chupa za kiwi ya maji, zile zenye sponji kichwani. Chupa hizo ndizo zilizoniharibu. Siku moja nilisuuza moja iliyoisha, nikaijaza wino, nikaiburuza ukutani, ikateleza yenyewe. Tangu siku hiyo kila chupa inayoisha ni yangu, na kila ukuta mtupu unaniita.

Naandika neno moja tu, jina nililojipa mwenyewe: Sifutiki. Herufi nene, zenye mikia inayochuruzika kwa makusudi.

"Huo ni uchafu," Shangazi husema. "Mtu mzima anaandika jina lake ukutani, anaogopa atalisahau?"

Yeye kitu pekee anachochora ni alama yake, ndoano na nukta mbili, ambayo huichoma kwa msumari wa moto ndani ya kisigino cha kila kiatu kinachopita mikononi mwake. Kiatu kikirudi kimebanduka, anataka kujua kama ni kazi yake au ya mafundi wanaolipua kazi.

Jirani yetu ni mwosha magari tunayemwita Bosi Povu. Ana ukuta mrefu kuliko yote barabarani, na hakuna apitaye asiuone. Niliutaka ukuta ule mpaka nikawa nauota. Nilipomwomba, alicheka kwanza.

"Ukuta huu unaoga kuliko wewe," akasema. "Rangi zote zimeshatoka hapa. Haya, andika jina lako. Likistahimili mpira wangu wa maji, ukuta wote wako. Lakini fanya haraka, Jumamosi anakuja fundi wa vigae. Akishabandika, basi."

Jumatatu nikaja na mchanganyiko wa kwanza: dawa ile ya zambarau ya kupaka vidonda, na spiriti. Ulimetameta vizuri sana. Bosi Povu akafungua maji, na Sifutiki mzima akateremka ukutani, akapita chini ya gari jeupe la mteja, akaingia mtaroni. Vijana wa kuosha magari wakashika mbavu.

"Sifutiki kafutika! Sifutiki kafutika!"

Jioni mtaa mzima ulikuwa unaimba, hadi watoto wasiojua maana yake. Niliumia, sitaficha. Jumatano nikaongeza vanishi. Vanishi ikaganda ndani ya sponji, sponji ikawa jiwe, nikaambulia nusu ya herufi S. Wakasema leo kapata nafuu, maana hajaandika.

Alhamisi nilitulia. Nilisaga masizi, nikayachuja kwa soksi kuukuu, nikayachanganya na zambarau na spiriti, nikaiweka chupa dirishani itulie huku nikipeleka viatu vya mteja. Niliporudi, nikamkuta Shangazi ameishika. Sasa, shangazi yangu hatupi kitu. Rangi ya ngozi ikibaki kidogo chini ya kopo, mafuta yakibaki, chochote kikibaki, humiminwa kwenye chupa iliyo karibu. Na siku hiyo chupa iliyo karibu ilikuwa yangu.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nakusanya mabaki. Chupa ilikuwa nusu."

"Hiyo nusu ndiyo wino wangu!"

"Na meza ya nani? Chupa ya nani? Sponji ya nani?"

Masikio yaliniwaka moto. "Ndiyo maana kiwi zako zote zina rangi ya matope!"

Alifunga kifuniko taratibu, akanikabidhi chupa. Utaratibu wake huo ukanipandisha hasira zaidi, nikamshika mkono. "Twende. Twende ukaone ulichokifanya."

Akaja na aproni yake, sindano imechomekwa kwenye ukosi. Niliandika kwa hasira, herufi kubwa kunizidi. Rangi ikatoka si zambarau si kahawia, rangi ya biringanya, na niliona aibu kwamba naipenda. Jua likaikausha upesi. Bosi Povu akakunja mikono ya shati, akafungua maji.

Maji yakagonga ukuta, yakarudi, yakamlowesha suruali. Herufi zikabaki. Akasogea karibu, herufi zikabaki. Akaleta sabuni, akaleta brashi ya matairi, akachovya kitambaa kwenye petroli akasugua mpaka jasho likamtiririka puani. Vijana wake waliacha magari na povu lake, wakaja kusimama nyuma yetu.

"Umeweka nini humu?" akauliza.

Mimi nilikuwa narukaruka. Nilimkumbatia kijana mmoja nisiyemjua hata kwa salamu. Halafu nikaangalia chupa, nikaona imebaki robo, nikaangalia urefu wa ukuta, na furaha yote ikanishuka miguuni.

"Shangazi, uliweka nini?"

"Mabaki."

"Mabaki ya nini?"

"Ya nini tena? Ya wiki." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Lakini si yana rangi ya matope?"

Nilipiga magoti pale pale kwenye povu. "Shangazi yangu, baba yangu wa kike, nisamehe."

"Sijasikia vizuri. Maji yana kelele."

Maji yalikuwa yamefungwa. Niliomba tena kwa sauti, mbele ya wote, na yeye akasikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda.

Ijumaa hatukushona kiatu hata kimoja. Shangazi alipanga makopo yake yote mezani, akayanusa moja moja. Alidondosha tone la kila mchanganyiko kwenye kipande cha ngozi, akalisubiri likauke, kisha akalisugua kwa dole gumba lenye mate.

"Hii imetoka. Hii inadanganya, ngoja... ona, imetoka. Hii haina adabu kabisa."

Wateja walichungulia, akawaambia warudi wiki ijayo, yeye ambaye hajawahi kumfukuza mtu. Ilikuwa imebaki rangi nyeusi ya ngozi, nayo ikashindwa. Kisha akakumbuka kijikopo cha sandarusi, gundi ile ya mti, aliyoiyeyusha kwenye spiriti, ile anayong'arishia soli. Tukaitia matone kwenye zambarau na masizi yangu, pamoja na hiyo nyeusi yake. Dole gumba likapita juu ya ngozi, likatoka safi. Akapitisha tena. Safi.

"Eh!" akasema, na macho yakamng'aa. Kuanzia hapo ikawa ananisukuma kwa kiuno. "Sogea, unatikisa kama unabembeleza mtoto. Tikisa!" Alichanganya huku anaimba, na chupa ya mwisho ilipojaa, mikono yetu yote minne ilikuwa rangi moja.

Jumamosi fundi wa vigae alikuja, Bosi Povu akamwambia aketi kwenye ndoo atazame. Niliandika toka nguzo ya kwanza, na nilivyofurahi sijui nisemeje. Barabara nzima ilisimama. Nilipomaliza, kona ilikuwa na nafasi, na Shangazi alikuwa pale, ameshika chupa, eti ananishikia tu.

"Andika na wewe."

"Mimi? Mimi siandiki uchafu."

Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto kama mdokozi wa sukari, akainua mkono mpaka ulipofika. Ndoano. Nukta mbili. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa kuipima.

Bosi Povu alikunja uso. Akaegemea gari, akavua kiatu, akachungulia ndani ya kisigino. "He!"

Fundi wa vigae naye akavua. Mama aliyekuwa anasubiri gari lake akavua vyote viwili. Muda si muda barabara ilijaa watu waliosimama kwa mguu mmoja, wameshikana mabega wasianguke, wanaoneshana viatu. "Hata mimi! Hata mimi ninayo!"

Shangazi alijiziba mdomo kwa mkono wake wa biringanya. Mimi nilicheka mpaka nikauegemea ukuta, na wino mbichi ukanipiga chapa mgongoni, shati hilo ninalo hadi leo.

"Shangazi," nikamwambia, "mji mzima umeuandika, halafu unanisema mimi?"

"Nyamaza," akasema, bila kuondoa macho ukutani. "Lete chupa nyingine. Nukta ya pili haijakolea."