Zamu ya Mama Mkwe

Fundi cherehani alikuwa anapinda suruali ya sare ya shule, mguu mmoja umekwisha, mwingine bado, mama mkwe wake alipopita dukani akielekea kazini. Mama mkwe alikuwa amekufa tangu mvua za mwaka jana. Basi lilimgonga hapo hapo mbele ya duka, akiwa na mfuko wa vitunguu. Vitunguu viliokotwa, vikapikwa msibani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pindo limekwenda upande hilo. Fumua."

Akatoka, akasimama katikati ya barabara, akainua kiganja. Malori yakasimama. Mabasi nayo, ambayo zamani yalipunguza mwendo tu ili abiria aruke yeye na Mungu wake, yakatulia kituoni mpaka kikongwe wa mwisho apande na kikapu chake. Madereva walikuwa hawamjali mtu aliye hai. Lakini mtu ukishamgonga mara moja, kumgonga tena ni kukosa adabu.

Jioni alirudi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha miguu.

"Nimezaa wanane, nimelima, nimemuuguza baba mkwe wako mpaka akakata roho, na hakuwa mgonjwa mpole. Nilipokufa nikasema, haya, sasa nitalala. Mwanangu, waambie watu wa barabara waweke taa za kusimamisha magari hapo, nami niende zangu."

Kesho yake fundi alifunga duka akaenda ofisi ya barabara. Injinia alikuwa mtu mwema, chai yake imepoa kwa kusikiliza watu. Akampa pole ya msiba. Kisha akamweleza kuwa taa zipo, tena mpya, ila zinapelekwa kule watu wanakogongwa. Kwao hajagongwa mtu tangu mama aanze kazi.

"Je, akiacha?"

"Akiacha, na mtu akagongwa, mtakuwa wa kwanza kupata. Hilo nakuahidi, dada yangu."

Fundi aliporudi akasimulia, mama mkwe alicheka mpaka kilemba kikalegea.

"Kumbe rahisi! Kesho makaburini silali usiku tu, nalala na mchana. Wewe nichagulie wa kugongwa."

Wakachungulia mlangoni pamoja. Muuza mayai alikuwa ukingoni mwa lami, trei zimempanda mpaka kidevuni.

"Huyo?"

"Mkewe ana mimba, mama."

"Kinyozi, basi. Mlevi yule."

"Kichwa cha mwanao kina kona. Hakuna mwingine anayekiweza."

"Hilo kweli, nilikizaa mwenyewe. Haya, jirani yako, yule anayekusengenya kisimani."

Fundi alirudi kwenye mashine, akainamia sindano.

"Hapana," alisema mwishowe.

"Umekawia kujibu."

"Nilikuwa natunga uzi."

"Uzi umo sindanoni tangu asubuhi." Mama mkwe akafunga kilemba upya, taratibu. "Usione haya. Injinia naye hachagui mtu. Anangoja tu. Hata mimi hakunichagua mtu, mwanangu, nilipita tu wakati wanangoja."

Nje kinyozi alivuka kwa kuyumba, akatukana basi, akafika salama.

Alfajiri mama mkwe alikuwa barabarani, kiganja juu. Akapumzika siku ya mvua kubwa tu, maana siku hiyo barabara iligeuka mto na magari yenyewe hayakupita.

Habari zikafika ofisi ya barabara kwamba mama ameamua kuendelea. Wakafurahi. Taa zikapelekwa mbele ya hoteli moja ambako mgeni alikuwa amegongwa kidogo, na mama akaletewa koti la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa, ili madereva wamwone vizuri. Lilikuwa kubwa, limekatwa kwa kipimo cha mwanamume. Fundi akalibana ubavuni, akafupisha mikono.

Mama mkwe akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo ambacho kilionyesha koti peke yake.

"Litadumu hili?"

"Kitambaa cha serikali, mama. Hakichakai."

"Ndicho nilichokuwa nakiogopa."

Akatoka upesi, hata vifungo hajavifunga. Watoto wa shule walikuwa wamefika ukingoni mwa lami, na wa mbele alikwisha kushusha mguu bila kutazama.